Mzee, Ulijifunzia Wapi Kuanguka?

Wazee wetu mlioketi hapa mbele, wababa, wamama, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa kukosa viti: jambo yenu! Nimeombwa nizungumze juu ya kumbukumbu za askari wa miavuli, wale ambao hapa Lubumbashi kila mtu anawaita paracommando, hata kama mwenyewe alikuwa mpishi wa kikosi. Mwalimu wa historia akipewa mada ya namna hii, watu wanamtegemea aanze na vita: Kisangani, Kolwezi, nani alimpiga nani. Leo sitaanzia huko. Nataka tuzungumze juu ya viwanja vya mafunzo. Nyasi, vumbi, ngazi za mbao, na ule mlango wa ndege uliopachikwa juu ya nguzo, mlango usiokwenda popote.

Sababu ni hii. Ninapenda kukaa na wazee waliovaa bere nyekundu, wa hapa mjini na wa Likasi, na wengine waliokuja kumalizia uzee kwa watoto wao katika mitaa yetu ya Katuba au Kenya. Ukimwuliza mzee habari za vita, mara nyingi atakupa habari za redio. Atakusimulia yaliyotangazwa, kwa mpangilio uleule, na majina ya wakubwa ni yaleyale. Hadanganyi. Siku ile alikuwa amelala nyuma ya kichuguu na haoni mbali. Mengi anayoyajua juu ya mapigano yote aliyasikia baadaye, kama sisi. Lakini mwulize hivi: mzee, ulijifunzia wapi kuanguka? Hapo anasogeza kiti. Miguu inaungana, magoti yanagusana, kidevu kinashuka kifuani, viwiko vinabana mbavu. Kutoka jikoni mama anapiga kelele kwamba asithubutu, mgongo wake ni wa dawa. Yeye hasikii. Anakuonyesha mguu ulivyotangulia, paja lilivyofuata, bega lilivyoviringika. Na akiisha kukaa, ndipo anaanza kusema mambo ambayo redio haikuyatangaza kamwe.

Kwa wasiojua kazi yenyewe, nieleze kidogo. Askari wa miavuli wa kawaida havuti kitu chochote. Ndani ya ndege kuna waya wa chuma uliopita juu ya vichwa. Kila mtu ana mkanda uliotoka kwenye mfuko wa mgongoni, mwisho wake una kulabu, na kulabu inashikwa kwenye ule waya. Akitoka mlangoni, mkanda unanyooka, unachomoa mwavuli, unabaki ukipepea nyuma ya ndege. Tumboni ana mwavuli mdogo wa akiba, na huo ndio anaoufungua kwa mkono mambo yakiharibika. Mwavuli uliotumika sana katika nchi nyingi, na Zaire pia, ni ule wa Kimarekani uitwao T-10. Kitambaa chake kina upana wa mita kumi na kitu, na unamshusha mtu kwa mita sita hadi saba kila sekunde. Fanyeni hesabu: ni sawa na kuruka kutoka juu ya ukuta wa mita mbili na zaidi, na bunduki, na mzigo, na upepo unaokusukuma ubavuni. Huwezi kutua umesimama kama kwenye sinema. Ukijaribu, nyonga au kifundo cha mguu kitalipa.

Ndiyo maana shule za miavuli hazipotezi muda mwingi kufundisha kuruka. Kuruka hakuna ufundi mkubwa. Mlango uko wazi, aliye nyuma yako anasukuma, taa ya kijani imewaka. Kinachofundishwa asubuhi hadi jioni ni kuanguka. Unaanguka kutoka chini, unaanguka kutoka jukwaa la mita moja, unaanguka ukining'inia kwenye mikanda, unaanguka kulia, kushoto, mbele, nyuma. Nyayo, shavu la mguu, paja, tako, kisha ubavu wa mgongo: uzito unagawanywa sehemu tano, pasiwe na mfupa mmoja unaobeba mtu mzima. Wazee wanaocheka leo wakilitaja zoezi hili ni walewale waliolichukia.

Elimu hii ilifika vipi hadi Katanga? Njia yake ina vituo vya ajabu, na vingi havitajwi sana.

Waingereza walifungua shule yao Ringway, karibu na Manchester, katikati ya mwaka 1940. Ndege hazikutosha. Wakatumia puto lililofungwa kwa kamba ya chuma, likapandishwa kama mita 240 juu ya bustani ya Tatton, chini yake kikapu, na mwanzoni kikapu kile kilikuwa na tundu sakafuni. Hakuna injini, hakuna upepo wa propela. Kimya tu, na tundu. Wengi waliopitia hapo walisema waliliogopa puto kuliko ndege, kwa sababu ndani ya ndege kelele inakusaidia usifikiri. Aliyejisukuma kwa nguvu mno kwenye tundu, uso wake ulikwenda kugonga ukingo wa upande wa pili; wenzake walisema amepiga kengele. Katika Ringway walifundishwa watu zaidi ya 60,000, na huko ndiko mtindo wa kuanguka kwa ubavu ulikokomaa, ule ambao mzee wa Katuba anamwonyesha mjukuu wake leo sebuleni.

Mahali pengine hapakuwa na shule kabisa. Kabrit, nchini Misri, karibu na mfereji wa Suez, mwaka 1941: kikosi kipya cha Waingereza kilichoitwa SAS kilianza kujifundisha chenyewe. Waliona kwamba kutua kunafanana na kuruka kutoka gari linalokwenda, basi wakawa wanaruka kutoka lori linalokimbia jangwani. Matokeo yake mnaweza kuyakisia: mifupa ilivunjika kabla ndege haijaonekana. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, katika mruko wa mafunzo, kulabu za mikanda zilijipinda na kufunguka, na askari wawili wakafa siku moja. Kulabu zikabadilishwa. Kesho yake mkubwa wao, David Stirling, alitangulia kuruka yeye mwenyewe. Ninapenda sana habari hii kwa sababu ya ile kulabu. Tunasoma vitabu vizima juu ya ushujaa wa watu wale, na maisha yao yalining'inia kwenye kipande cha chuma kisichozidi kiganja.

Wapolandi waliokimbilia Scotland walikuwa na uwanja wao katika jumba la Largo, mkoa wa Fife, wakabembea kwenye miti hadi wao wenyewe wakapaita bustani ya nyani. Nitapita hapo haraka, ingawa panastahili mhadhara wake.

Sasa sikilizeni muunganiko. Mwaka 1942 huko Uingereza iliundwa kombania ya Wabelgiji wa miavuli, baadaye ikaingia ndani ya SAS. Wanaume wale walijifunza kwa Waingereza, Ringway. Vita vilipokwisha wakarudi kwao na ufundi ule, na kutoka kwao wakazaliwa paracommando wa Ubelgiji. Shule yao ikawa Schaffen, karibu na mji wa Diest, na puto nalo wakalichukua. Na Ubelgiji ndiyo iliyokuwa na kambi kubwa kwetu hapa: Kamina.

Kamina-base mnaijua kwa jina. Wengi wenu mmepita mji wa Kamina kwa treni, lakini kambi iko mbali na mji. Wabelgiji waliijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walipoogopa kwamba Ulaya ingeweza kuwaka tena na wao wangehitaji mahali pa nyuma pa kujipanga. Wakaweka uwanja mkubwa wa ndege, wakaweka shule ya marubani na ndege zake za mafunzo aina ya Harvard, na katika miaka ya 1950 paracommando wakawa wanakuja kwa zamu kufanya mazoezi. Ndege yao ya kazi ilikuwa C-119, ile yenye mikia miwili. Kijana anayeitazama kwenye picha anadhani ni ndege mbili zilizogongana.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu uwanda wa Katanga ni mwalimu mkali. Kwanza, vichuguu. Msidhani ni vile vidogo vya njiani. Ninasema vile vikubwa vya kwetu, vya mita tano na zaidi, vigumu kama saruji wakati wa kiangazi, na juu yake umeota mti. Ukiwa angani unaviona kama vivuli, na unafikiri kimoja kiko mbali. Halafu unakiona kinakuja. Mzee mmoja alinieleza kwamba kwenye kiwanja chao woga haukuwa wa mlango. Woga ulikuwa wa kichuguu kimoja ambacho kila darasa lilikirithi, na kila darasa lilikuwa na mtu wake aliyeangukia hapo. Alikumbuka upande ule mti ulikoinamia. Jina la kamanda wake lilikuwa limempotea.

Pili, moto. Kuanzia Juni nyika inachomwa. Askari anatua kwenye majivu, mwavuli mweupe unaburuzwa juu ya visiki vilivyoungua, na jioni wanaofunga miavuli wanatukana kwa lugha zote za nchi. Kufunga mwavuli ni kazi ya mezani, meza ndefu, kamba thelathini za kitambaa zinanyooshwa moja baada ya nyingine zisivukane. Ukikuta majani au makaa ndani ya mikunjo, unaanza upya. Mzee aliyekuwa mfungaji, si mrukaji, ndiye anayejua habari za kiwanja kuliko wote. Msiwasahau hao mnapokwenda kuuliza.

Tatu, hewa. Kamina iko juu kupita mita elfu moja, na Kolwezi inakaribia 1,500. Kinshasa, kwenye uwanja wa N'djili, ni mita mia tatu na kidogo. Huku juu hewa ni nyepesi, na mchana ikipata joto inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo mwavuli uleule, na mtu yuleyule, wanafika chini kwa kasi zaidi. Si tofauti kubwa, asilimia chache tu. Lakini goti linaijua.

Nimetaja Kinshasa kwa makusudi. Wazee wetu wengi hawakujifunzia Kamina. Baada ya uhuru mambo yalihama. Mwaka 1963 Mobutu, akiwa mkuu wa jeshi, alikwenda Israel na kundi la askari wa Kongo, akafuzu kuruka, na zile mbawa akazivaa kifuani miaka yote mliyomjua. Kituo cha mafunzo ya vikosi vya miavuli kikawa Kinshasa, pembeni mwa uwanja wa N'djili, na kambi ile hadi leo watu wanaiita CETA. Kijana wa Katanga aliyeandikishwa miaka ya 1970 alipanda treni, kisha meli au ndege, akaenda kuanguka kwenye mchanga wa Kinshasa. Mchanga! Ninyi mnajua ule udongo, unazama hadi kifundo. Halafu anarudishwa huku kwenye laterite yetu nyekundu, ambayo ukipiga jembe Septemba linakurudia usoni. Mzee mmoja alisema Kinshasa walimfundisha kuanguka na Katanga ikamfundisha kwa nini.

(Kicheko ukumbini.)

Naam. Sasa tuje kwenye jambo lenyewe ninalotaka kulisema, na mtanivumilia kwa sababu hapa lazima nipite kwenye zile vita nilizoziahirisha.

Miruko miwili katika nchi yetu imeandikwa sana. Wa kwanza ni wa Kisangani, wakati ule Stanleyville, tarehe 24 Novemba 1964. Paracommando wa Ubelgiji wapatao 320, chini ya Koloneli Charles Laurent, waliruka alfajiri kutoka ndege tano za Marekani aina ya C-130, wakatua kwenye uwanja wa gofu kando ya kiwanja cha ndege. Waliruka chini sana, mita mia mbili na kidogo. Kwa kimo hicho unakaa angani nusu dakika, na mwavuli wa tumboni hauna nafasi kubwa ya kukusaidia. Haya yote yameandikwa. Lakini watu wale walikuwa wamezoea C-119 yao. C-130 ni ndege nyingine: mlango mwingine, upepo mwingine, mwendo mwingine. Walijifunzia wapi kuitokea? Kwenye kisiwa cha Ascension, mwamba wa volkano katikati ya Atlantiki, mali ya Uingereza, ambako ndege zilisimama zikingoja amri za wanasiasa. Hapo, kwenye ndege iliyosimama chini, Wamarekani waliwaonyesha namna ya kutoka. Kisha wakaja Kamina, na kutoka Kamina wakaenda Kisangani. Somo la chini, bila kuruka hata mara moja, kwenye kisiwa ambacho wengi hapa hawawezi kukionyesha kwenye ramani.

Wa pili ni wa Kolwezi, 19 Mei 1978. Hapa nina watu ukumbini wanaoujua kuliko mimi, tena kwa uchungu, basi nitasema kwa heshima. Kikosi cha pili cha miavuli cha Legioni ya Kigeni ya Ufaransa, chini ya Koloneli Philippe Erulin, kilitoka Corsica kwa ndege za abiria hadi Kinshasa. Miavuli yao haikufika pamoja nao kwa wakati. Basi wakaruka na T-10 za jeshi la Zaire. Walikuwa hawajauzoea mwavuli ule. Walifundishwa pale pale N'djili, kwa haraka, usiku na alfajiri. Na mifuko yao ya mizigo, ambayo kwao hufungwa kwenye vishikizo maalumu, haikukubali mikanda ya T-10; wakaifunga kwa waya na kamba kadiri kila mmoja alivyoweza. Wakasongamana ndani ya ndege kupita kiasi chake, wakavuka nchi nzima wakiwa wamekaa juu ya magoti ya wenzao. Saa tisa na dakika arobaini alasiri, karibu watu 400 wakaanza kumwagika juu ya kiwanja cha zamani cha aeroklabu, kaskazini mwa mji, kwenye nyasi ndefu na vichuguu vyetu.

Mnaona? Miruko yote miwili iliyofika kwenye magazeti ya dunia ilisimama juu ya somo fupi lililotolewa mahali pa pembeni, kwa vifaa vya wengine. Mahali hapo ndipo historia inapopitia bila kupiga picha. Na wanaoweza kutuambia yaliyotokea pale si makoloneli. Ni yule aliyeshika tochi akionyesha namna ya kufunga mkanda wa kifua wa T-10 kwa mtu asiyejua lugha yake. Ilikuwa miavuli ya Zaire. Kuna Mzairwa aliyeifunga kwenye meza yake, kamba kwa kamba, bila kujua nani ataivaa. Mzee huyo yuko wapi? Labda amekwisha kufa. Labda ni jirani yako.

Na kuna jambo zito zaidi. Siku tatu kabla ya Wafaransa, tarehe 16 Mei, kombania ya askari wa miavuli wa Zaire iliangushwa Kolwezi. Vijana wa nchi hii. Mruko ule ulikwenda vibaya, wengi hawakurudi. Kikosi kingine chini ya Meja Mahele kilikwenda kwa barabara na kushika kiwanja cha ndege, na bila kiwanja kile mengi yaliyofuata yangekuwa magumu zaidi. Habari za tarehe 19 zimejaza rafu. Habari za tarehe 16 mara nyingi zinapewa sentensi moja, tena ya lawama: waliruka, wakatawanyika, wakauawa. Nani aliwafundisha? Waliwahi kuruka mara ngapi kabla ya siku ile? Waliwahi kutua kwenye ardhi ngumu, au walijua mchanga tu? Mtu akiniambia askari wale hawakufaa, namwuliza maswali hayo kwanza. Hukumu haiwezi kutangulia shule.

Mzee aliyepona siku ile, ukimwendea na daftari ukamwuliza "tusimulie Kolwezi", atanyamaza, na ana haki. Anzia kwenye kiwanja. Anzia kwenye jukwaa la mita moja. Mengine atayaleta mwenyewe akitaka, na asipotaka, umekwisha kupata kitu ambacho hakuna jalada linalo.

Vijana wananiuliza: lakini kumbukumbu za wazee si zinachanganyika? Zinachanganyika, ndiyo. Mimi nina mitego yangu midogo, na sioni aibu kuwapa.

Mtego wa kwanza ni kuhesabu. Kila askari wa miavuli akitoka mlangoni anahesabu, ili ajue kama mwavuli umechelewa. Aliyefundishwa na Wafaransa anahesabu "trois cent trente et un, trois cent trente-deux, trois cent trente-trois", yaani 331, 332, 333, sekunde tatu, kisha anatazama juu. Aliyefundishwa kwa mtindo wa Marekani anahesabu maelfu, kutoka elfu moja hadi elfu nne. Usimwulize mzee nani alikufundisha, maana atakutajia aliye maarufu. Mwombe ahesabu. Mdomo utajibu kabla hajachagua.

Mtego wa pili ni ndege. Mzee akikuambia aliruka hapa kwetu kutoka C-130 ya jeshi letu mwaka 1966, tulia, usimbishie. Jeshi la Zaire lilianza kupata C-130 zake katika miaka ya 1970. Huenda mwaka ndio umekosewa, huenda ndege ilikuwa Dakota na C-130 ilikuja baadaye ikafunika picha ya kwanza. Mwulize alitoka upande gani, ngazi ilikuwaje, alikaa akitazama wapi. Dakota ina mkia unaogusa ardhi. Ndani yake ikiwa imesimama, sakafu inapanda mbele yako kama kilima. Aliyepanda Dakota na mwavuli mgongoni atakuambia juu ya ule mpando hata kama hujamwuliza.

Mtego wa tatu si mtego, ni subira: mwache aje na wenzake. Wazee wawili wakibishana juu ya mahali choo kilipokuwa, andika yote mawili. Mahali wanapokubaliana bila kutazamana ndipo penye kiwanja.

Niwape mfano wa nje, kwa sababu unatuhusu kwa rangi na kwa hali. Fort Benning, jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1943. Shule ya miavuli ya jeshi lao ilikuwa ya weupe. Weusi walikuwepo, lakini kama walinzi wa majengo na watu wa kazi. Mkubwa wao, Walter Morris, aliona vijana wake wanakata tamaa. Basi kila jioni, wanafunzi weupe walipoondoka kwenye viwanja, yeye aliwapeleka vijana wake palepale wakafanya yaleyale waliyoyachungulia mchana: minara, milango ya mfano, kuanguka. Hawakuwa na miavuli. Walikuwa na macho. Mkubwa wa shule aliwaona, na mwanzoni mwa 1944 wa kwanza kati yao wakapata mbawa zao. Wakawa batalioni ya 555.

Walitegemea kupelekwa Ulaya kupigana. Mwaka 1945 wakapelekwa Pendleton, jimbo la Oregon, kuzima moto wa misitu. Wajapani walikuwa wametuma mabomu yaliyobebwa na maputo kuvuka bahari ya Pasifiki, na serikali iliogopa misitu iungue. Basi wanaume hawa wakajifunza upya: badala ya kukwepa miti wakajifunza kuilenga, na kofia ya mchezo wa futiboli ya Kimarekani yenye wavu wa waya mbele ya uso, na kamba ndefu ya kushukia kutoka kwenye tawi. Walifanya miruko zaidi ya 1,200 na kwenda kwenye mioto 36. Mmoja wao, mganga wa kikosi Malvin Brown, alianguka kutoka mtini akafa tarehe 6 Agosti 1945, siku ya Hiroshima. Kwa miaka mingi nchi yao wenyewe haikujua habari hii. Ilijulikana kwa sababu wazee walipoulizwa juu ya vita wakajibu kwamba hawakuona vita, kisha mtu akapata akili ya kuwauliza: basi mlikuwa wapi? Na kazi gani mlifanya huko?

Kwa kweli tunao wa namna hiyo hapa. Wako waliofuzu na hawakuwahi kuruka vitani hata siku moja. Ukiwaendea wanasema "mimi sina historia, nenda kwa fulani". Hao ndio ninaowatafuta. Hawana vita vya kufunika kiwanja.

Tuna muda wa swali moja au mawili. Ndiyo, kijana.

(Kijana anauliza afanye nini, kwa kuwa babu yake husema aliruka mara mia moja, na kitabu chake cha miruko kina mistari michache.)

Swali zuri, na umenifurahisha kwa kusema kitabu kipo. Kwanza, usikitumie kumwaibisha babu mbele ya watu. Mzee kuongeza namba kidogo ni haki yake, sisi sote hapa tunaongeza. Pili, kitabu nacho si msahafu. Kilijazwa na karani, na makarani wanachoka. Miruko ya mafunzo iliandikwa vizuri, mingine iliruka ukurasa. Kuna waliopoteza kitabu cha kwanza wakati wa kuhama au wa uporaji, wakaanza cha pili. Kwa hiyo soma mistari hiyo michache kwa makini: tarehe, mahali, aina ya ndege, kimo, aina ya mwavuli, sahihi ya aliyesimamia mlango. Mahali ndipo penye thamani. Ukiona jina la kijiji usilolijua, huo ndio uwanja tunaoutafuta. Mpeleke babu kwenye ramani, mwombe akuonyeshe reli ilikuwa upande gani.

Piga picha kila ukurasa, pamoja na jalada la nyuma, maana ndani ya jalada la nyuma wengi waliandika kwa kalamu ya risasi mambo ambayo hayakuwa na safu yake: nani aliumia, upepo ulikuwaje, nani alidaiwa kinywaji cha munkoyo baada ya mruko wa kwanza. Halafu mrudishie babu kitabu chake. Wako watu wanaokuja wakisema wataviweka mahali salama. Asiwape. Picha inanitosha mimi, na inamtosha mtu yeyote mwenye nia njema.

Mama pale nyuma, wewe ulinyoosha mkono kabla yake. Karibu, tunakusikia.